Filamu ya Mzee wa Koti la Mvua

Kwetu Migwani mvua hunyesha inapotaka, na miaka mingi haitaki. Kwa hiyo mtu anayevaa koti la mvua na gambuti, vile viatu virefu vya mpira, kila siku ya Mungu hapiti sokoni bila kuangaliwa. Mzee huyo nilimkuta hivyo nilipozaliwa na nikamwacha hivyo nilipokwenda chuo kikuu. Akiulizwa, alisema katika lokesheni nzima ya chifu lazima apatikane mtu mmoja aliye tayari. Wazee wenzake walisema ana wazimu. Mchungaji alisema ana kiburi. Mkewe, ambaye ndiye aliyelifua hilo koti, alisema ana bahati ya kuoa.

Alikuwa mwanamuziki, na alikuwa mchongaji, na kazi zote mbili hakuna aliyemtuma. Gitaa lake lilikuwa kopo kubwa la mafuta ya kupikia lililopigiliwa kwenye ubao, na nyuzi zake zilikuwa waya za breki za baiskeli. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtu anayemwita mbuzi aliyevuka mto. Kuhusu uchongaji, kwetu Ukambani kila mwenye tezo huchonga twiga, kwa sababu mtalii hana habari na kitu kingine. Mzee alichonga redio. Nasikia alianza siku redio yake ya betri ilipokufa. Aliona meza imebaki wazi, hakupenda, akachonga nyingine ya mti, na vifungo vyake na antena yake, akaiweka palepale. Baadaye akaingia kwenye simu za mezani na thamosi. Alisema hizi za kwake hazimalizi betri na hazisemi uongo.

Nyimbo zake zote zilikuwa za kumsema mtu. Wakamba wana nyimbo za namna hiyo tangu zamani, huitwa myali, za kumsuta mtu hadharani ili ajirekebishe au ahame. Mzee aliziimba hasa kwenye mwethya, pale akina mama wanapokusanyika kuchimbiana matuta ya shamba kwa zamu. Wao walichimba, mkewe akiwa mstari wa mbele, na yeye alikaa kivulini na koti lake akiimba juu ya aliyechimba polepole. Sheria zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, hamwimbi mtu asiyekuwepo. Kumwimba aliye mbali ni umbea, alisema, na umbea una wenyewe. Ya pili ilimhusu aliyeimbwa. Akisimama akaucheza wimbo wake mbele ya watu hadi mwisho, wimbo umekufa na hautaimbwa tena. Akikimbia, ni wake mpaka kaburini, na mzee anakuwa huru kuutia kwenye kaseti.

Kaseti hizo alizirekodi nyumbani kwake, kuku wakiingilia kati. Madereva wa malori walizipenda. Walizibeba hadi Malili, hadi Mtito Andei, wakanakiliana mpaka sauti ya mzee ikawa kama inatoka ndani ya chungu. Wimbo uliovuma zaidi ulimhusu afisa mmoja wa kilimo aliyekuja kutufundisha kupanda mahindi kwa mstari huku akiwa hajawahi kushika jembe. Afisa alikimbia. Aliomba uhamisho, akapelekwa mbali kando ya barabara ya Mombasa, na kaseti ikamfuata kwa lori. Mtu asidhani kwamba haya ni maelezo ya pembeni. Nilipokuwa mtoto nilimwona afisa huyo akipanda basi na godoro lake, na nilijiapiza nisije kuimbwa maishani.

Sasa niseme habari zangu kwa ufupi, kwa sababu hazikuwa ndefu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilimaliza shahada ya fasihi na falsafa, nikarudi nyumbani kungoja kazi. Serikali ilikuwa imeacha kuajiri. Niliandika barua za maombi kila Jumatatu na kuzipeleka posta kila Jumanne, na siku zilizobaki nilifikiria kama niliandika "Bwana" pale nilipopaswa kuandika "Mheshimiwa". Watu waliacha kuniita kwa jina. Waliniita Digrii. "Digrii, umeamka?" waliniuliza saa saba mchana, na nilitumia alasiri nzima nikichambua kama ile ilikuwa salamu.

Mama yangu hakunisema. Alikwenda kisimani kwenye mchanga wa mto, akarudi na maji, akapika mbaazi, akaniwekea. Kutosemwa huko kulinitesa kuliko kusemwa.

Ndipo alipokuja mtengeneza filamu. Alitoka Nairobi, mtoto wa familia ya kanisa huko Mkoa wa Kati, aliyesomea sinema ng'ambo akarudi na fulana isiyo na mikono yenye mifuko kumi na miwili. Alikuwa safarini kwenda Mombasa, akasimama Mtito Andei kula, na akiwa anangoja maini yake yakaangwe alisikia kaseti. Akamuuliza mwenye hoteli ni nani huyo. Mwenye hoteli akasema, "Ni mwendawazimu mmoja wa Migwani, huvaa koti la mvua na kuchonga redio." Kwa watu wa sanaa maneno hayo yanatosha. Hakufika Mombasa.

Alifika kwa chifu akitaka mtu anayejua Kikamba na Kiingereza na asiye na shughuli. Chifu hakuhitaji kufikiri. "Kuna mmoja," alisema, "amekaa tu."

Nilipofika, mtengeneza filamu alinishika mkono kwa mikono miwili. "Wewe ndiye daraja langu," alisema. "Bila wewe mimi ni bubu." Kisha akaniambia jambo ambalo lilinifanya nisilale siku mbili. Shemeji yake alikuwa mkubwa katika ofisi moja ya serikali inayotengeneza filamu za kuelimisha wananchi. Walihitaji mtafsiri. "Nifanyie kazi safi, nami nitakuandikia barua. Na barua yangu pale haisomwi mara mbili."

Niliirudia sentensi hiyo njia nzima kwenda nyumbani. Haisomwi mara mbili: kwa sababu inaaminiwa mara moja, au kwa sababu inatupwa? Niliamua kuamini ile ya kwanza. Nilimwambia mama kuna barua. Aliweka chini mtungi, akauliza, "Ya kazi?" Nikasema ya kazi. Jioni ile mbaazi zilikuwa na kitunguu.

Siku ya kupiga picha tulikwenda kwa mzee asubuhi, watu watatu: mtengeneza filamu, mpiga picha wake ambaye hakusema zaidi ya maneno kumi kwa siku, na mimi niliyekuwa nimepewa kushika maikrofoni iliyofungwa kwenye mpini wa ufagio. Majirani walikuwa wamejaa uani. Mzee alikuwa tayari, koti limefuliwa, gambuti zimepakwa mafuta ya kupikia zikang'aa. Alionyesha pengo la jino lake moja lililong'oka, akasema asipigwe upande wa kushoto. Mtu aliyedharau dunia kwa miaka thelathini alijua upande wake mzuri.

Mtengeneza filamu alizishika redio za mti moja moja, akazigeuza, akavuta pumzi. "Unaona anachosema hapa?" aliniuliza. "Hii ni sauti ya mtu wa pembezoni aliyenyimwa sauti."

"Anasema nini huyo?" mzee akaniuliza kwa Kikamba.

"Anasema redio ni nzuri."

"Mwambie haishiki stesheni."

Nilimwambia. Mtengeneza filamu aliandika kwenye daftari lake, akapiga mstari chini, mara mbili.

Kisha akaomba wimbo wa afisa wa kilimo. Mzee akatazama huku na huku uani. "Yuko wapi?"

"Nani, mzee?"

"Afisa."

"Alihama zamani."

"Basi akija nitamwimba."

Nilieleza sheria ya kwanza kwa Kiswahili. Mtengeneza filamu alifurahi kuwa kuna sheria, kisha akahuzunika kuwa inatekelezwa. Aliniambia nimbembeleze. Nilimbembeleza. Mzee alikuwa amekwisha kuketi na kopo lake mapajani, akikaza waya.

"Nitamwimba aliyepo," alisema. Akamwangalia mpiga picha. "Huyu anafanya kazi, sina neno naye." Akamwangalia mtengeneza filamu kwa muda, akatikisa kichwa kama mtu anayeweka kitu akiba. Halafu akaniangalia mimi, na majirani wote wakakohoa kwa pamoja.

Aliimba hivi, nikiweka kwa Kiswahili na bila ile sauti:

Kuna mwana wetu alisoma hadi akasahau njia ya kisima.
Mama yake anabeba maji, yeye anabeba bahasha.
Anaomba kiti Nairobi, kiti hakiji.
Amekalia kigoda cha nyanya yake, anangoja kiti.

Watu walianguka kwa kicheko. Mama mmoja alimshika mwenzake asidondoke. Maikrofoni ikawa inainama na kuinuka kwenye ule mpini kama kichwa cha mbuni. Mtengeneza filamu alinisogelea akaninong'oneza sikioni.

"Anasema nini? Nipe mstari kwa mstari."

Naomba nieleweke. Sikupanga kudanganya. Nilikuwa na muda wa pumzi moja, na katika pumzi hiyo niliona yafuatayo: nikisema ukweli, atajua kuwa daraja lake ndilo kichekesho cha kijiji, akijua hivyo, hataniandikia barua, asiponiandikia, wimbo utakuwa kweli, na wimbo ukiwa kweli, mzee atakuwa nabii na mimi nitakuwa mfano. Kwa hiyo nilishika neno moja la kila mstari, ili nisiwe mwongo kabisa, na mengine nikayatunga mwenyewe.

"Anasema," nilianza, "watoto wa nchi hii wamesahau kisima cha mababu."

"Mungu wangu," alisema polepole.

"Mama yetu, yaani ardhi, amebeba mzigo. Na watoto wake wamebeba... ujumbe ambao haujafunguliwa."

"Endelea."

"Kiti cha enzi cha wazee kiko wazi. Wote wanangoja atakayekikalia."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Mzee naye alikuwa amefika kwenye ubeti wa pili, ambao ulikuwa akiba yake:

Ametuletea mtu wa mifuko kumi na miwili.
Nilitia mkono kuomba moto wa sigara,
mfuko wa kwanza mpaka wa mwisho,
sikukuta hata kiberiti.

"Na hapa?"

"Hapa anasema ametafuta moto wa mababu kila mahali, na hakuupata."

Alifuta jicho kwa kidole. Kisha akageuka akaona watu wamejishika mbavu. "Lakini mbona wanacheka?"

"Kwetu," nilisema, "watu hucheka wakihuzunika sana."

Aliandika hilo pia.

Wimbo ulipokwisha, majirani walinitazama. Ilikuwa zamu yangu kucheza au kukimbia. Mzee aliona ule mpini mikononi mwangu, akainua kiganja. "Mikono yake imejaa," alisema kwa haki ya hakimu. "Sitamhesabia. Tutaona siku atakapokuwa na mikono."

Miezi ikapita. Mtengeneza filamu aliniandikia mara moja tu, kadi yenye picha ya daraja la ng'ambo, akisema filamu imekamilika, ina dakika kumi na nane, imeonyeshwa huko kwenye ukumbi mkubwa na watu wamelia. Maandishi ya Kiingereza chini ya picha, niliyomwandikia kabla hajaondoka, alisema yalisifiwa kwa namna ya pekee. Kuhusu barua, alisema ataileta mwenyewe, kwa sababu anakuja kuonyesha filamu Migwani. Ni haki ya jamii kujiona, aliandika.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimefikiria mambo mengi sana, hata kwamba tezo la mzee lingeonekana nyuma likadhaniwa ni silaha, lakini kwamba filamu ingeonyeshwa kwa watu wanaoelewa maneno yake, hilo halikunijia.

Ukumbi uliokuwepo ni kanisa. Mchungaji alikubali kwa masharti kwamba kuwe na sala mwanzo na mwisho, na asiwepo mtu wa kucheza dansi. Ilikuwa alasiri ya Jumamosi, jua kali, na akina mama wa kanisa wakaziba madirisha kwa leso na magunia ili giza lipatikane. Watu wetu walikuwa wameona sinema kabla ya hapo. Gari la serikali lilikuwa likija zamani na filamu ya jinsi ya kuchimba choo. Wazee bado waliisifu.

Mimi nilikuwa kitandani. Nilikuwa nimeamua kuugua malaria.

Mama alisimama mlangoni akiwa amevaa kitambaa chake cha kanisani. "Malaria gani hii inayokuja na sinema?"

"Mwaitu, kichwa kinaniuma."

"Kichwa chako kinauma tangu shule. Wamekuja watu wawili hapa nje. Mzee amekataa mashine iwashwe."

"Kwa nini?"

"Anasema anayeimbwa hayupo."

Nilitoka. Waliotumwa walikuwa waimbaji wawili wa kwaya, akina mama wenye mabega ya kubeba mbao, na walitembea kila mmoja upande wangu mmoja kwa upole mkubwa, kama watu wanaosindikiza jeneza. "Pole na homa, Digrii," mmoja alisema. "Kanisani kuna joto, itatoka."

Nilikalishwa benchi la mbele, kati ya mama na mtengeneza filamu. Fulana ilikuwa ileile. Alinipiga begani, akagusa mfuko mmoja wa kifuani. "Barua hii hapa," alinong'ona. "Tukimaliza." Kwa hiyo ule mfuko mmoja ulikuwa na kitu.

Mchungaji aliomba. Jenereta ikanguruma. Shuka jeupe lililotundikwa mbele ya mimbari likawaka, na mzee wa koti la mvua akatokea, mkubwa kuliko maisha, kwa upande wake wa kulia. Watu walizipigia gambuti makofi. Sauti ya mtu wa redioni ikasema kwa Kiingereza kwamba katika nchi hii kavu, watu hucheka wakihuzunika.

Kisha wimbo.

Kwanza walicheka kwa wimbo wenyewe, kama mwanzo. Kwa hilo nilikuwa nimejiandaa. Ambaye sikujiandaa kwa ajili yake ni mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mwenye nia njema na sauti ya uwanjani, aliyeona wazee hawawezi kusoma maandishi ya chini akaamua kuwasomea. Alisimama pembeni ya shuka na rula yake, akatafsiri Kiingereza changu kurudi Kikamba.

"Huyu anaimba, mama yake anabeba maji," mwalimu alisema. "Lakini hapa chini pameandikwa, ardhi imebeba mzigo."

Kanisa likainama mbele, likilinganisha.

"Anaimba, Digrii anaomba kiti. Hapa pameandikwa, wazee wamekosa mfalme."

Hapo walianza upya. Sijawahi kusikia kicheko cha namna hiyo ndani ya nyumba ya ibada. Mzee mmoja aliomba mwalimu arudie habari ya mfalme. Mama yangu alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha kichwani, mabega yakimtetemeka, na sikuweza kujua kama analia. Mtengeneza filamu, ambaye hakuelewa hata neno la Kikamba, aliangalia watu wakigaagaa kwenye mabenchi, akaniinamia, uso wake umejaa heshima.

"Wamehuzunika sana," alisema.

Ndipo mzee mwenyewe aliposimama, akatembea hadi mbele ya shuka, picha yake ikamwangukia mwilini, akawa koti juu ya koti. "Nani aliyeandika maneno haya?" aliuliza. Hakukasirika. Aliuliza kama mtu anayetafuta mwenye ng'ombe aliyeingia shambani.

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama. Labda ni shule. Walimu wakiuliza, mimi husimama.

"Leo una mikono," alisema.

Wimbo ulikuwa bado unaendelea. Kwenye shuka mzee alikuwa anafika kwenye mfuko wa kwanza. Nilijua la kufanya, kila mtoto wa Migwani analijua: cheza, uishe. Mlango nao ulikuwa wazi upande wa kushoto, hatua sita. Nilifikiri hivi. Nikicheza, nimekubali kuwa wimbo ni wangu, na kwa hiyo nimekubali kwamba nilidanganya, na barua iko hatua moja kutoka hapa, mfukoni. Nikikimbia, ni kaseti, ni Malili, ni Mtito Andei. Nikicheza, nitangulize mguu gani? Na mchungaji alisema pasiwe na dansi. Je, kutii sharti la kanisa si sababu halali ya kutocheza? Na ikiwa nitacheza nusu—

Filamu ikaisha. Mkia wake ukawa unapiga ta-ta-ta kwenye mashine, na shuka likabaki jeupe. Nilikuwa nimesimama palepale.

"Hakukimbia," alisema mama mmoja wa kwaya.

"Hakucheza," alisema mwenzake.

Ubishi ukaanza. Wengine walisema wimbo umekufa kwa kuwa mtu alisimama. Wengine walisema mti pia husimama. Mwishowe wakamgeukia mzee, naye akanitazama kwa muda mrefu, kwa namna anavyotazama gogo kabla hajalipiga tezo.

"Haujafa," aliamua. "Umezaa. Nitauongezea ubeti."

Mwalimu, kwa nia yake njema, alimweleza mtengeneza filamu kwa Kiswahili safi wimbo ulikuwa juu ya nani, na ule wa mifuko ulikuwa juu ya nani. Nilimwona akisikiliza. Alijipapasa mfuko mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha akanishika mkono, akanitoa nje, nyuma ya gari.

"Nani mwingine anajua?"

"Wote waliomo kanisani."

Alifikiri. "Hao si tatizo," alisema. "Hao hawaandiki kwenye magazeti." Akaniambia filamu imekwisha kushinda tuzo kwa maandishi yaleyale, vijana Nairobi wameanza kuvaa makoti ya mvua kwa ajili ya mzee, na mtu mmoja ng'ambo anaandika kitabu kizima juu ya kiti cha enzi kilicho wazi. Kubadilisha sasa ni kuwaumiza watu wengi. "Na ukweli ni kwamba tafsiri yako ni nzuri kuliko wimbo."

Akanipa bahasha.

Niliifungua nyumbani. Ilikuwa imechapwa vizuri kwenye karatasi nene. Ilisema mwenye barua hii ni mtafsiri mwaminifu kwa kila neno, asiyeongeza wala kupunguza, na kwamba anaheshimiwa sana na jamii yake.

Mama aliniomba nimsomee. Nikamsomea mstari wa juu na wa chini, nikakunja. Alinitazama. "Na katikati?"

"Katikati ni salamu."

"Salamu zimekuwa ndefu siku hizi," alisema, akachukua mtungi.

Wiki mbili nilikaa na barua hiyo. Nilichohitaji ni kuipeleka tu Nairobi, na ningekaa kwenye kiti. Nilipanga safari mara nne. Kila mara nilifika kituoni nikawaza: nikipewa kazi ya kutafsiri kwa barua inayosema uongo juu ya tafsiri zangu, je, nitakuwa nimeanza kazi au nimeendelea? Na dereva wa basi, je, ana kaseti gani? Mara ya nne kondakta aliniuliza, "Digrii, unapanda au unahesabu matairi?" Nikarudi. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa mzee.

Alikuwa uani akichonga, amevaa koti, juani. Mkewe alikuwa anapepeta mbaazi.

"Mzee," nilimwambia, "nimekuja kukusomea kitu. Neno kwa neno."

Nilimsomea barua nzima kwa Kikamba. Sikuongeza wala kupunguza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuifanya kazi niliyoajiriwa kuifanya. Nilipofika kwenye "mwaminifu kwa kila neno" aliacha tezo.

"Rudia hapo."

Nilirudia. Mkewe alikuwa amesimamisha ungo.

"Na hapo pa kuheshimiwa."

Nilirudia napo. Mzee alicheka mpaka akalazimika kufungua kifungo cha juu cha koti, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Kisha akanyoosha mkono akaniomba ile karatasi, akainuka, akaenda kuleta redio ya zamani, ile ya kwanza kabisa. Nyuma ilikuwa na kijifuniko nilichokuwa sikijui. Akaikunja barua mara nne, akaitia ndani, akafunga.

"Miaka yote hii," alisema, "haikuwa na taarifa ya habari."

Halafu alichukua kopo lake, kwa sababu nilikuwepo. Nilijua nikingoja nitafikiri. Nilianza kucheza kabla hajagusa waya, na nilicheza ubeti wa kisima, wa kiti, wa mifuko, na ule mpya, ambao ulikuwa wa mtu aliyesimama kanisani kama nguzo mpaka mchwa wakaanza kumsogelea. Nilicheza hadi mwisho. Palikuwa na mkewe tu na kuku.

"Sheria inasema mbele ya watu," mzee alisema, akihema.

"Mimi ni nini?" mkewe akamuuliza.

Mzee aliliwaza hilo, akaona hatari yake. "Basi umekufa," alisema.

"Anacheza kama mtu mwenye mwiba ndani ya gambuti," alisema mkewe, akaendelea kupepeta.

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kuliko nilivyokuwa tangu mahafali. Mama alikuwa anajiandaa kwenda kisimani. Nikamwambia aniachie mtungi. Alinipa bila kuuliza, lakini alisimama mlangoni akanitazama, aone kama nitashika njia ya kisima.

Niliikumbuka. Na nilipokuwa nimeinama kwenye mchanga nikingoja maji yajikusanye, nilikumbuka pia kwamba Jumatatu iliyofuata baada ya kuipata barua nilikwenda hadi Kitui mjini nikaitoa fotokopi tatu. Ziko ndani ya Biblia ya mama, kwenye Mambo ya Walawi, mahali ambapo najua hasomi.